Sitiari za Seli: Uhakiki wa Lugha ya Kufafanulia Sehemu za Seli ya Mmea na ya Mnyama, kwa Mifano ya Nakuru

1. Utangulizi

Mjadala juu ya istilahi za sayansi katika Kiswahili umeendelea kwa muda mrefu, na kwa sehemu kubwa umekuwa mjadala juu ya asili ya maneno. Wako wanaotaka neno litoholewe kutoka lugha za Ulaya ili liwiane na matumizi ya kimataifa, na wako wanaotaka liundwe kutokana na mizizi ya Kiswahili chenyewe, au ya lugha nyingine za Kibantu, ili limkae msemaji kinywani. Pande zote mbili zina hoja, na hoja hizo zimekwisha kuelezwa mara nyingi. Jambo ambalo halijapewa uzito unaostahili ni kwamba neno la sayansi, hasa linapotamkwa darasani, huja likiwa limebeba picha. Na picha hiyo humfundisha mwanafunzi kabla fasili ya kamusi haijamfikia. Picha ikiwa mbovu, neno litapotosha hata kama mzizi wake ni wa Kibantu halisi. Picha ikiwa njema, neno litaongoza hata kama limetoka mbali.

Makala haya yanakusudia kuhakiki picha hizo kwa kutazama mada moja tu, yaani sehemu za seli ya mmea na ya mnyama pamoja na kazi zake. Mada hii imechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ndiyo mlango wa biolojia yote: katika mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulioanza Kenya mwaka 1985, seli ilikuwa mojawapo ya mada za mwanzo za biolojia katika Kidato cha Kwanza. Pili, seli nyingi hazionekani kwa macho matupu, na hakuna awezaye kuzifundisha bila kusema kwamba zinafanana na kitu fulani ambacho mwanafunzi amekwisha kukiona. Seli hufundishwa kwa tashbihi na sitiari tangu mwanzo hadi mwisho. Hapo ndipo mhakiki wa fasihi, aliyezoea kupima sitiari za washairi, anapokuwa na kazi ambayo mwanabiolojia peke yake hawezi kuikamilisha.

Mifano imechukuliwa Nakuru na sehemu za kati za Bonde la Ufa. Nakuru, iliyofikiwa na reli mwaka 1900 na kupewa hadhi ya jiji mwaka 2021, ni mahali ambapo watu wa lugha mama nyingi wamekutana. Katika mitaa kama Section 58, jirani huelewana na jirani kwa Kiswahili. Sokoni, kwenye matatu na shambani, hali ni hiyo hiyo. Lakini mtoto wa mitaa hiyo husomeshwa sayansi kwa Kiingereza. Basi Kiswahili cha sayansi Nakuru ni cha mdomo zaidi kuliko cha kitabu: ni kile ambacho mwalimu hukimbilia anapoona nyuso za wanafunzi zimeduwaa, na kile ambacho wanafunzi hutumia wao kwa wao baada ya mwalimu kutoka.

2. Istilahi na maelezo

Yafaa ikumbukwe kwamba kazi kubwa imekwisha kufanyika. Nchini Tanzania, Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, mwaka ule ule ambao Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kitumike pia katika sekondari, ingawa pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Kwa upande wa Kenya, Kiswahili kilikuwa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi pamoja na kuanza kwa 8-4-4, na Katiba ya mwaka 2010 ikakifanya kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo, kupanda huko kwa hadhi hakukuigusa lugha ya darasa la sayansi.

Matokeo yake ni kwamba istilahi zipo, lakini zinaishi mbali na maelezo. Istilahi huandikwa na kamati, ikapimwa na kusanifiwa. Maelezo huzaliwa darasani kwa dharura, wala hakuna kamati inayoyapima. Mwalimu anaposema kwamba kiini ni ubongo wa seli, au kwamba seli ni kiwanda, hakuna mhariri atakayemsahihisha, kwa kuwa maneno hayo hayamo katika kitabu chochote cha Kiswahili kilicho mikononi mwa wanafunzi. Lakini ndiyo watakayoyakumbuka. Mtahiniwa huandika kosa lake kwa Kiingereza. Kosa lenyewe huenda lilizaliwa kwa Kiswahili. Kwa hiyo, kuhakiki istilahi bila kuhakiki maelezo ni kukagua mlango na kuliacha dirisha wazi.

3. Jina lenyewe: seli au chembe hai?

Neno linalotumika zaidi leo ni "seli". Historia ya neno hili katika Ulaya inafundisha jambo. Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alitazama kipande chembamba cha gome la mti kwa hadubini, akaona vijumba vingi vilivyopangana, akavipa jina lenye asili ya Kilatini lenye maana ya chumba kidogo. Alichokiona Hooke hakikuwa uhai bali kuta tupu za seli zilizokwisha kufa. Jina likabaki, na wakati Schleiden mwaka 1838 na Schwann mwaka 1839 walipoeleza kwamba mimea na wanyama wote wameumbwa kwa seli, lilitumiwa hata kwa mnyama ambaye seli zake hazina ukuta wowote. Ni dhahiri basi kwamba istilahi ya Ulaya nayo ilianza kama sitiari, tena sitiari yenye kasoro.

Kiswahili kilipolitohoa neno hili kilichukua sauti na kuiacha picha. Kuna faida katika jambo hilo: msemaji wa Kiswahili hadanganywi kwamba seli ya misuli yake ni chumba chenye kuta. Hasara ni kwamba neno linakuja tupu, na neno tupu halikai tupu muda mrefu. Katika Kiswahili cha Kenya, "seli" ni chumba cha mahabusu katika kituo cha polisi. Mwanafunzi anayelisikia darasani tayari analo lake la kulijaza: kufungiwa, giza, mlango wa chuma. Picha ya Hooke inarudi kwa njia ya nyuma, ikiwa mbaya kuliko ilivyokuwa.

Mbadala wake, "chembe hai", unasifiwa kwa kuwa ni Kiswahili cha kila siku. Sifa hiyo ni ya haki kwa nusu. Neno "hai" linafanya kazi kubwa, kwani linatangaza uhai ambao Hooke hakuuona. Lakini "chembe" ni punje: chembe ya mchanga, chembe ya wali. Punje haina ndani inayohitaji kuelezwa, ilhali somo zima la seli ni somo la kilichomo ndani. Aidha, chembe hudokeza udogo usio na kikomo, na seli si lazima iwe hivyo, kama itakavyoonekana katika mfano wa yai hapa chini. Yote yakipimwa, "seli" inafaa zaidi kuwa istilahi, lakini kwa sharti kwamba mwalimu asiiache ijijazie maana yake kutoka kituo cha polisi.

4. Kiini na yai

Istilahi "kiini" ina sifa ya kuwa tafsiri ya kweli. Robert Brown alipoipa sehemu hiyo jina mwaka 1831, alichagua neno la Kilatini lenye maana ya kokwa, na Kiswahili nacho kina "kiini" kwa maana ya sehemu ya ndani ya mbegu, ya mti au ya jambo. Kwa umbo na mahali, istilahi inafaa.

Tatizo liko katika matumizi yanayofahamika kuliko yote, yaani kiini cha yai. Mwalimu anayetafuta mfano wa haraka husema kwamba seli ni kama yai: ganda ni ukuta, ute mweupe ni saitoplazimu, na kiini cha njano ni kiini cha seli. Mfano huu unapendeza kwa kuwa neno ni moja, na ndiyo sababu unadanganya. Yai la kuku ambalo halijarutubishwa lina seli moja, na seli hiyo ni kile kiini chote cha njano. Kiini cha seli, kwa maana ya kibiolojia, hukaa ndani ya doa dogo jeupe lililo juu ya ile njano. Njano yenyewe ni akiba ya chakula. Ute mweupe na ganda ni vitu vilivyoongezwa nje ya seli wakati yai likishuka katika mwili wa kuku. Basi mwanafunzi aliyefundishwa kwa mfano wa yai ameipa seli ukuta ambao mnyama hana, akaita saitoplazimu kitu kilicho nje ya seli, na akadhani kiini ni ghala la chakula. Makosa matatu yamepatikana kwa tashbihi moja.

Mfano huo huo ukigeuzwa una thamani kubwa. Yai likivunjwa katika bakuli na mwanafunzi akaonyeshwa lile doa, atakuwa ameiona kwa macho yake seli kubwa isiyohitaji hadubini. Kinachotakiwa ni mwalimu kutamka wazi kwamba neno "kiini" hapa lina maana mbili na kwamba maana hizo zinagongana.

Sitiari ya pili, ya kiini kuwa ubongo, nayo ina mpaka. Kweli kiini hutunza maagizo ya urithi yanayoiongoza seli katika kutengeneza protini. Lakini mwenye ubongo akiukosa hufa papo hapo, na seli sivyo. Chembe nyekundu za damu ya binadamu hupoteza kiini zinapokomaa, na bado hubeba oksijeni kwa muda wa siku 120 hivi. Chembe nyekundu za kuku na ndege wengine, kinyume chake, hubaki na kiini. Katika mimea, mirija inayosafirisha sukari kutoka majanini imejengwa kwa seli hai zilizopoteza viini vyao, nazo hutunzwa na seli jirani. Picha iliyo karibu zaidi ni ya masijala ya ofisi: mahali panapotunzwa majalada ya asili, ambapo nakala hutolewa na kupelekwa kunakofanyika kazi. Masijala ikifungwa, waliokwisha kupata nakala zao wataendelea kwa muda. Lakini jalada jipya halitatoka, na kilichoharibika hakitatengenezwa upya.

5. Utando, kiwambo na ua la pareto

Kwa sehemu inayoizunguka seli yapo maneno mawili yanayoshindana, "kiwambo" na "utando". Yote ni ya Kiswahili na yote yametokana na vitenzi, kwa hiyo hoja ya asili haiwezi kuamua kati yao. Lazima picha ndizo ziamue.

"Kiwambo" kinatokana na "kuwamba", yaani kuvuta ngozi na kuikaza juu ya ngoma. Picha yake ni ya kitu kikavu, kilichokazwa, ambacho kikitobolewa kimeharibika. "Utando" unatokana na "kutanda", yaani kuenea juu ya kitu. Ni utando wa buibui, na ni ile ngozi laini inayoenea juu ya maziwa yaliyochemshwa. Tangu Singer na Nicolson walipotoa maelezo yao mwaka 1972, inakubalika kwamba ngozi ya seli ni tabaka laini la mafuta ambamo protini huelea na kusogea, na kwamba tundu dogo likitokea tabaka hilo huweza kujiziba. Hapana shaka kwamba utando juu ya maziwa uko karibu na ukweli huo kuliko ngozi ya ngoma.

Hata hivyo, utando nao umenyamaza juu ya jambo kubwa kuliko yote, nalo ni uchaguzi. Kazi ya utando wa seli si kufunika tu bali kuamua kipi kiingie na kipi kitoke, na kazi hiyo hufanywa na protini zilizo kama milango yenye bawabu. Hapa Nakuru ina mfano ambao vitabu vilivyoandikwa kwingine haviwezi kuutoa. Pareto ililimwa katika nyanda za juu zinazouzunguka mji, na kwa miongo mingi maua yake yalipelekwa Nakuru kwenye kiwanda cha Bodi ya Pareto ya Kenya. Watu wa sehemu hizo wanajua kwamba pareto huangusha wadudu. Wasichoelezwa ni namna inavyowaangusha. Dawa iliyomo katika ua hilo hushika milango ya sodiamu katika utando wa seli za neva za mdudu na kuizuia isifungike. Ishara ambayo ingepita mara moja hurudiarudia bila kikomo. Mdudu hutetemeka, hupooza, kisha hufa. Hakuchomwa wala hakukosa hewa. Aliuawa na mlango uliokataa kufungwa.

Kwa mfano huu mwanafunzi hujifunza mara moja kwamba utando una milango, kwamba milango ina zamu ya kufunguka na kufunga, na kwamba uhai wa kiumbe kizima huweza kutegemea zamu hiyo. Isitoshe, neno "pareto" lenyewe ni ushahidi katika ule mjadala wa asili ya maneno: limetoholewa, na mkulima amelizoea kama alivyozoea "mahindi". Halikuhitaji kutetewa kwa sababu kitu chenyewe kilikuwa mikononi mwake.

6. Ukuta, vakuoli na sukuma wiki

Tofauti inayotajwa kwanza kati ya seli ya mmea na ya mnyama ni ukuta. Kosa linalofuata ni la kimantiki: mwanafunzi huambiwa kwamba mmea una ukuta na mnyama ana utando, naye huelewa kwamba kimoja kimechukua nafasi ya kingine. Ukweli ni kwamba seli ya mmea ina vyote viwili, ukuta nje na utando ndani yake.

Neno "ukuta" linachangia kosa hilo. Ukuta katika Kiswahili huzuia. Ndiyo kazi yake. Lakini ukuta wa seli, uliofumwa kwa nyuzi za selulosi, hupitisha maji na vitu vingi vilivyoyeyuka bila kuvichagua, na uchaguzi huachiwa utando. Kazi kubwa ya ukuta ni kushikilia umbo. Picha inayofaa basi si ya mawe ya kujengea bali ya kiondo. Kiondo hufumwa kwa nyuzi, hupitisha maji, na bado huzuia kilichomo kisitanuke kupita kiasi. Tena nyuzi za katani zinazofumiwa kiondo zenyewe kwa sehemu kubwa ni kuta za seli zilizokufa. Sitiari na kitu chenyewe vimekutana.

Ndani ya kiondo hicho kuna vakuoli, mfuko mkubwa wa maji uliojaza sehemu kubwa ya seli ya mmea iliyokomaa. Kiswahili kina neno la kale la mfuko wa ngozi wa kubebea maji, yaani "kiriba". Kama istilahi, "vakuoli" inatosha, kwa kuwa mfuko huo hutunza pia rangi, sukari na takataka. Kama maelezo, kiriba ndani ya kiondo ni picha inayofanya kazi. Kiriba kikijaa kinakisukuma kiondo, kiondo kinakataa kutanuka zaidi, na kwa msukumano huo jani linasimama. Kiriba kikipungua, jani linalegea. Kila mtu aliyenunua sukuma wiki katika soko la Nakuru amemwona mama mboga akinyunyizia majani maji ili yasinyauke. Kuingia kwa maji katika seli ndiko anakokutegemea. Mpishi anayenyunyizia chumvi mboga zilizokatwa huona kinyume chake: maji hutoka ndani ya seli na kujaa chini ya sufuria. Chembe nyekundu ya damu, isiyo na kiondo, ikitiwa katika maji matupu huvimba mpaka ikapasuka.

Jambo hili lina uzito nje ya darasa. Mkulima akitia mbolea ya chumvichumvi nyingi karibu na mizizi, mimea hunyauka, naye husema mbolea "imeunguza". Sitiari ya moto inamwelekeza kufikiri juu ya joto, na aliyeishika kwa dhati aweza kudhani kwamba mbolea hiyo hiyo, ikitiwa jioni au siku ya baridi, haitadhuru. Hakuna kilichoungua. Chumvi iliyozidi udongoni imezuia maji yasiingie katika seli za mizizi, au imeyavuta yatoke. Kinachookoa ni kupunguza mbolea na kuongeza maji, si kungoja baridi. Neno moja lililokaa vibaya laweza kugharimu shamba.

7. Kloroplasti, mitokondria na mvuke wa Olkaria

Sehemu nyingine za seli zina maelezo mafupi. Saitoplazimu ni ujiuji ambamo shughuli hufanyika, na ribosomu ni mahali ambapo protini huunganishwa. Istilahi hizo zimetoholewa na hazijaleta mgogoro. Kwa upande wa majani, yako mashindano ya "klorofili" na "umbijani", na ya "usanidinuru" na "usanisinuru". Mashindano hayo yatamalizwa na matumizi, lakini yanamchosha mwalimu anayekutana na neno moja katika kitabu na jingine katika kamusi.

Penye hatari ni sitiari ya mitokondria. Istilahi yenyewe, iliyobuniwa na Mjerumani Carl Benda mwaka 1898, ina maana ya uzi na punje. Inaeleza umbo lililoonekana kwa hadubini na haisemi neno juu ya kazi. Kwa hiyo maelezo yamebeba mzigo wote, na maelezo yanayotumika kila mahali ni kwamba mitokondria "hutengeneza nguvu". Kusema hivyo ni kumfundisha mwanafunzi kwamba nguvu huzuka pasipokuwa na kitu, jambo ambalo mwalimu wa fizikia katika chumba cha pili atalikanusha.

Kaunti ya Nakuru ina Olkaria, karibu na Naivasha, ambako umeme wa jotoardhi ulianza kuzalishwa mwaka 1981. Olkaria haibuni nguvu yoyote. Joto limo ardhini tayari. Mvuke hupanda, huzungusha mtambo, na mzunguko huo hugeuzwa kuwa umeme ambao waya zaweza kuupeleka nyumbani. Mitokondria vivyo hivyo huipokea nguvu iliyokwisha kufungwa katika chakula na kuigeuza kuwa namna ambayo seli yaweza kuitumia, yaani ATP. Kufanana huku ni kwa ndani kuliko kunavyodhaniwa, kwa kuwa katika tando za mitokondria mmiminiko wa protoni huizungusha protini moja kama mvuke unavyozungusha mtambo. Kwa kufafanua utendaji wa protini hiyo Paul Boyer na John Walker walikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1997. Sitiari inaishia pale mtu anapouliza joto linatoka wapi. Hapo ndipo kloroplasti inapoingia, maana yenyewe ndiyo huinasa nuru ya jua na kuifunga katika sukari. Yafaa pia kusisitizwa kwamba seli za mmea zina mitokondria kama za mnyama. Mwanafunzi anayedhani kwamba mmea una kloroplasti "badala ya" mitokondria amerudia kosa lile lile la ukuta na utando.

8. Ziwa linalovunja jedwali

Somo la seli humalizwa kwa jedwali lenye safu mbili, mmea na mnyama. Jedwali hilo ni la manufaa, lakini nalo ni aina ya usemi, na usemi wake ni kwamba vyenye uhai ni vya namna mbili tu. Ziwa Nakuru, lililo mpakani mwa jiji, linaukanusha usemi huo.

Heroe wadogo, ndege ambao wakazi wengi huwaita flamingo, ndio waliolipa ziwa hili sifa duniani. Chakula chao kikuu ni Arthrospira, iliyokuwa ikijulikana kama Spirulina, ambayo ndiyo iliyolipa ziwa rangi ya kijani. Kiswahili cha kawaida kingeiita "mwani", na jina hilo lingeipeleka moja kwa moja katika safu ya mimea. Lakini seli yake haina kiini kilichozungukwa na utando, wala haina kloroplasti. Ni bakteria wenye uwezo wa kunasa nuru. Zaidi ya hayo, kwa hoja iliyofufuliwa na Lynn Margulis mwaka 1967 na ambayo leo imekubalika, kloroplasti za mimea yote zimetokana na jamaa wa bakteria kama hao, waliomezwa na seli nyingine katika zama za kale wakabaki humo. Mtoto wa Nakuru anayetafuta asili ya kloroplasti katika jani la sukuma wiki aweza kuanzia ziwani.

Tangu mwaka 2010 hivi maji ya ziwa yamepanda sana, magadi yakapungua nguvu, Arthrospira ikapungua, na heroe wengi wakahamia maziwa mengine kama Bogoria. Watu wameeleza uhamaji huo kwa namna nyingi. Maelezo ya ndege wakubwa yamo katika kiumbe kisichoonekana kimoja kimoja, nacho hakina jina la Kiswahili lisilopotosha. Hilo ni pengo la istilahi lenye maana kuliko mabishano mengi juu ya viambishi.

9. Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba ubora wa neno la sayansi haupimwi kwa kuuliza limetoka wapi. "Seli" na "pareto" zimetoka mbali na zinafaa. "Chembe" na "kiwambo" ni za nyumbani na zina walakini. "Kiini" ni istilahi njema iliyotekwa na yai. Maswali yanayofaa kuulizwa ni matatu. Je, picha iliyomo katika neno inaonyesha kazi, au umbo tu? Je, picha hiyo inavunjika wapi, na mwalimu amesema inavunjika hapo? Je, msikilizaji amewahi kukiona kitu anacholinganishiwa?

Kazi ya kujibu maswali haya haiwezi kuachiwa kamati za istilahi peke yake, kwa kuwa zinashughulika na neno moja moja, na sitiari huishi katika sentensi nzima. Idara za lugha zinao ujuzi wa kupima sitiari, lakini hadi sasa zimeutumia zaidi katika tenzi na riwaya. Yapaswa maelezo ya walimu wa sayansi yakusanywe kama masimulizi yanavyokusanywa, yaandikwe kama yalivyosemwa, kisha yahakikiwe na mwanaisimu pamoja na mwanabiolojia. Mpaka hapo, mwanafunzi wa Section 58 ataendelea kufundishwa mara mbili: kwa Kiingereza kilichohaririwa asichokielewa vizuri, na kwa Kiswahili anachokielewa vizuri ambacho hakuna aliyekihariri.